Shimo Linalogeuka Tuta

Mwezi Machi, mvua zinapoanza kuchoka, mteremko uliopumzishwa katika milima ya Umatengo huwa umefunikwa na nyasi zinazomfika mtu kiunoni. Huo ndio wakati wa ngoro, kilimo cha Wamatengo, wenyeji wa milima hii. Wanaume hupanda mlima asubuhi wakiwa na nyengo, chuma cha makali chenye ncha iliyopinda, wakafyeka mteremko mzima. Nyasi huachwa palepale zilipoangukia ili jua lizikaushe. Hakuna anayewasha kiberiti. Mahali pengi nchini Tanzania nyasi za namna hii zingekuwa moshi kabla ya jioni. Huku ni mali, na mali haichomwi.

Zikishakauka, hupangwa. Mtu huzikumba kwa mikono na kuzilaza katika mistari minene kutoka ukingo mmoja wa shamba hadi mwingine, kisha hulaza mistari mingine ya kukatisha ile ya kwanza, mpaka mlima unaonekana kama umetandazwa wavu wa wavuvi wa Ziwa Nyasa, lile ziwa lililo chini ya milima hii upande wa magharibi. Kila tundu la wavu huo ni mraba wenye upande wa mita moja na nusu hadi mbili. Hakuna kamba iliyovutwa wala kijiti kilichochomekwa. Jicho ndilo linalopima, na hatua ya mguu ndiyo inayohakikisha.

Nilifika Mbinga, mkoani Ruvuma, nikiwa na swali moja. Milima hii ni mikali. Mpaliliaji husimama mguu mmoja juu na mwingine chini, na ukidondosha kibuyu cha maji utakifuata bondeni. Mvua inayonyesha hapa kwa mwaka hupita milimita 1,000, na karibu yote humwagwa katika miezi michache kati ya Novemba na Mei. Kwa hesabu ya kawaida, ardhi kama hii ikilimwa kwa miaka kumi ingebaki mawe. Wamatengo wameilima kwa zaidi ya karne moja, na bado inawapa mahindi na maharage. Nilitaka kuona kwa macho yangu kitu kinachoizuia milima isiwahame wenyewe.

Kitu hicho ni shimo. Ngoro ni shimo lililozungukwa na matuta manne, na shamba la ngoro ni mamia ya mashimo yaliyoshikana kama vyumba vya nyuki. Ukiyatazama kutoka ng'ambo ya bonde, jua la asubuhi likiwa limelala, kila tuta hung'aa upande mmoja na kila shimo hujaa kivuli, na mlima mzima huonekana umefinyangwa kwa mkono. Na ni kweli umefinyangwa kwa mkono.

Baada ya wavu wa nyasi kutandazwa, jembe huingia, na kwa desturi ya huku jembe la ngoro limekuwa mikononi mwa kina mama. Nilimkuta mama mmoja wa makamo akiwa katikati ya mraba wake, amefunga khanga kiunoni, ameupa mteremko ubavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutazama au kulima?"

Nilisema nimekuja kujifunza, akanipa jembe. Nilianza kukwangua udongo wa juu kama mtu anayefagia. Akanishika mkono. "Usikwangue. Lizamishe." Akanionyesha: jembe hushuka katikati ya mraba, likachota bonge la udongo lenye mizizi na unyevu wake, kisha likageuzwa taratibu juu ya nyasi zilizolala pembeni. Bonge moja juu, moja chini, moja kushoto, moja kulia. Anayechimba hugeuka mahali pamoja, na kila anapogeuka shimo huongezeka kina na matuta manne huongezeka kimo. Nyasi hufunikwa hadi zisionekane. Nilipodhani nimemaliza, alinionyesha kwa kidole mahali ambapo nyasi zilikuwa zimechungulia. Zikiachwa nje, aliniambia, hazitaoza, na maji yatapata mlango.

Kisha kilifuata kitendo kilichonifanya nitulie kutazama. Alichota maharage kutoka kwenye kibakuli, akayatawanya juu ya matuta kwa mkono wa haraka, halafu akarudi shimoni, akachota udongo mwingine kutoka chini na kuyafunika kwa tabaka jembamba. Kazi ya kulima, kupanda na kufukia ilikuwa imekwisha katika mraba huo. Hakuna tuta lililosubiri mbegu kwa wiki nzima huku jua likilikausha. Mbegu ililala kati ya tabaka mbili za udongo uleule, na chini yake kukiwa na godoro la nyasi.

Sasa ifikirie mvua. Tone likianguka juu ya mteremko ulio mtupu huanza safari mara moja: hukutana na jingine, yakawa mchirizi, mchirizi ukawa korongo, na korongo likabeba udongo wa juu, ule mweusi wenye uhai, hadi mtoni. Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema, na udongo uliomwagika nao hauzoleki. Katika shamba la ngoro tone haliendi mbali. Likianguka juu ya tuta huteleza hatua moja na kuingia shimoni, likanywewa taratibu.

Hesabu yake inaweza kufanywa kwa madebe. Chukua ngoro yenye mraba wa mita mbili kwa mbili, pamoja na matuta yake. Mvua kubwa ya milimita 50 itamwaga ndani ya mraba huo lita 200, yaani madebe 10. Shimo la katikati, hata tukilikadiria kwa uchoyo kuwa mita moja kwa moja na kina cha sentimita 30, linaweza kumeza lita 300. Punguza kiasi kwa sababu ya mteremko, maana ukingo wa chini ndio unaoamua kimo cha maji, na bado kila ngoro ina nafasi ya kutosha kwa mvua inayoiangukia yenyewe. Ekari moja ina ngoro takribani 1,000 za ukubwa huo. Ni matangi 1,000 yasiyo na saruji wala bomba.

Mvua ikizidi uwezo wa shimo, maji hupita juu ya tuta katika sehemu iliyo chini kidogo, yakaanguka katika ngoro inayofuata, nayo huyapokea, huyatuliza na kuyachuja. Udongo uliokuwa ukisafiri na maji hutua kwenye shimo la kwanza au la pili. Sehemu yake kubwa haifiki mtoni. Nyasi zilizozikwa nazo zina kazi: zinaliacha tuta likiwa na mapengo ndani, hewa ikapita na maji ya ziada yakapenya polepole badala ya kulisukuma tuta mpaka libomoke.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona ufundi wenyewe. Mtu anayeogopa maji hujenga ukuta. Ukuta huyakasirisha maji; huyakusanya mahali pamoja, yakapata uzito, na siku yakiushinda huushinda wote kwa pamoja. Ngoro haina ugomvi na maji. Huyagawa yangali machanga, debe hapa na debe pale, kabla hayajapata nguvu ya kudhuru, na kila kundi dogo hupewa mahali pa kupumzika. Ni tabia ya mwenyeji anayejua kupokea wageni wengi: huwapangia vyumba mapema, wasisongamane mlangoni.

Shamba hili lina kalenda yake, na kalenda hiyo ni ya miaka miwili. Maharage yaliyopandwa Machi au Aprili huvunwa katikati ya mwaka. Magugu yote yaliyong'olewa wakati wa kupalilia, na masalia ya maharage yenyewe, hutupwa shimoni. Novemba mvua zikikaribia kurudi, mashimo huzolewa: tope na mboji iliyotua humo hupandishwa juu ya matuta, kisha mahindi hupandwa juu ya matuta hayohayo, juu ya nyasi ambazo sasa zimeanza kuoza na kuachia rutuba. Mahindi huvunwa Julai au Agosti ya mwaka unaofuata, na shamba hulala. Mvua zinapokuja nyasi hurudi zenyewe, zikakua, na Machi nyengo hupanda tena mlima.

Kwa sababu shamba moja hutoa mahindi mara moja tu katika miaka miwili, familia huhitaji walau mashamba mawili yanayopokezana: moja likiwa na mahindi, jingine likiwa linapumzika au linapewa maharage. Hivyo ghala halikosi, na ardhi haikosi usingizi.

Duara hilo linapoanza upya, ngoro haikarabatiwi. Inaundwa upya kabisa. Wavu wa nyasi husogezwa, na matuta mapya huja mahali palipokuwa na mashimo. Shimo hugeuka tuta, tuta hugeuka shimo. Pale palipokusanya tope na mboji kwa miaka miwili ndipo mizizi ya maharage itakapolishwa, na palipochoshwa na mahindi ndipo patakapokaa na kupokea. Mama yule alipozamisha jembe kwenye tuta la zamani, alitoa bonge jeusi lililokatika kama keki. Akalivunja kiganjani. Ndani yake palikuwa na nyuzi chache za kahawia, laini, zisizokuwa tena nyasi na zisizokuwa bado udongo. "Hizi ni za mwaka juzi," alisema, akazirudisha kwenye tuta jipya bila kupoteza hata unyuzi.

Ndiyo maana nasema ngoro si jengo. Tuta la mawe hujengwa na babu, akalirithi mjukuu, akakaa juu yake bila kujua lilivyojengwa. Ngoro haikuachii nafasi hiyo. Kila baada ya miaka miwili ujuzi wote lazima urudi mikononi: kufyeka, kulaza, kuchimba, kufunika, kutawanya. Shamba likiachwa misimu michache, mvua na mizizi hulisawazisha, na mteremko husahau. Mikono ndiyo inayokumbuka. Kinachorithiwa Umatengo si matuta. Ni namna ya kuyafanya.

Ujuzi huo ulizaliwa katika dhiki. Katikati ya karne ya 19 Wangoni, waliokuwa wametoka kusini mwa Afrika na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835, walifika katika nchi ya Songea, na mashambulizi yao yaliwabana Wamatengo milimani, wengi wakasongamana kuzunguka eneo la Litembo. Watu waliokuwa na nafasi ya kuhama shamba likichoka hawakuwa nayo tena. Mlima mmoja, watu wengi, mvua kali, na chini kuna adui. Katika hali kama hiyo, kilimo cha kufyeka, kuchoma na kuhama kingewamaliza haraka kuliko mkuki. Iwapo mbegu ya ngoro ilikuwapo kabla ya hapo, basi dhiki ndiyo iliyoikuza ikawa kilimo kizima. Na amani iliporudi na watu wakaanza kusambaa tena, walikwenda na ujuzi wao.

Serikali ya kikoloni iliuona ufundi huu. Mwaka 1938 ofisa wake A. H. Pike aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records juu ya Wamatengo na namna wanavyohifadhi udongo wao. Lakini kuona si kujifunza. Baadaye, katika milima mingine yenye mteremko mkali, milima ya Uluguru mkoani Morogoro, serikali hiyohiyo ililazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi chini ya mpango wa matumizi ya ardhi. Ngazi zile zilikata udongo wa juu ulio mwembamba na kuufunua ule wa chini usio na rutuba, mimea ikadhoofu, na kazi ilikuwa ya shuruti. Mwaka 1955 Waluguru waligoma na kupinga, ghasia zikazuka, na mpango ukaachwa. Nia iliyotajwa ilikuwa kuzuia mmomonyoko, ileile ya ngoro. Tofauti ilikuwa mahali ujuzi ulipotoka. Mmoja ulichorwa ofisini, ukapelekwa mlimani. Mwingine ulitoka mlimani, ukiwa umesahihishwa na mvua mwaka baada ya mwaka, na aliyekosea alilala njaa, akarekebisha.

Heshima iliyostahili ilikuja baadaye. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikwenda Mbinga, wakaketi na wakulima, wakapima mashimo, wakachambua udongo, wakauliza maswali. Walikuta kwamba ngoro haisimami peke yake. Imo ndani ya mpangilio mkubwa zaidi ambao Wamatengo huuita ntambo. Ntambo ni mgongo mmoja wa mlima uliozungukwa na vijito, ardhi ya ukoo mmoja tangu kileleni hadi bondeni. Msitu huachwa juu, ambako mvua huanzia kazi yake. Nyumba na migomba hukaa katikati, pamoja na kahawa, iliyoanza kulimwa huku katika miaka ya 1920. Ngoro hushika miteremko. Chini kabisa, kando ya kijito, kuna bustani za kiangazi. Na watu wa ntambo walikuwa na sengu: jamaa wa ukoo walikula pamoja, na baada ya chakula walizungumza mambo yao, pamoja na mambo ya shamba. Mlima ulipangwa kama familia, na familia ikapangika kwa sura ya mlima.

Sitaki kuupamba ufundi huu hadi nifiche gharama yake. Ngoro ni kazi nzito. Katika ekari moja mtu hugeuka katika mashimo 1,000, na katika kila shimo hunyanyua udongo kwa makumi ya mabonge, akiwa ameinama kwenye mteremko. Sehemu kubwa ya mzigo huo imewalemea wanawake kwa vizazi. Mjane asiye na kijana wa kumfyekea na kumlazia nyasi huchelewa, na akichelewa maharage yake hukutana na ukame. Kahawa ikiwa na bei nzuri hulipa vibarua na mbolea ya dukani. Ikiporomoka, kama ilivyotokea miaka ya 1990, kila kitu hurudi kwenye mgongo wa mama. Idadi ya watu nayo imeongezeka, mashamba yamegawanywa, na muda wa kuipumzisha ardhi umebanwa. Familia nyingi zimehamia maeneo ya chini yenye mteremko mpole, na huko baadhi wamechagua matuta ya kawaida ambayo hulimwa haraka. Siwalaumu. Mtu anayesifu jembe asisahau kuuliza limeshikwa na nani, na kwa muda gani.

Lakini pale ambapo mlima ni mkali, sijaona mbadala unaolingana na ufundi huu. Hauhitaji saruji, wala mafuta, wala mbegu ya mti kutoka mbali. Vifaa vyake ni viwili, nyengo na jembe, na mali ghafi yake ni nyasi zilizoota hapohapo. Na wanaotaka kuusaidia waanzie pale wakulima wenyewe wanapoumia: kuwapunguzia kina mama mzigo, kuwapa wanaume na vijana sababu ya kushika jembe pamoja nao, kuhakikisha bei ya maharage na kahawa inarudisha jasho. Mkulima anayelipwa vizuri hana haja ya kuhubiriwa juu ya udongo. Anaujua kuliko mhubiri.

Jioni ile mama yule alimaliza mraba wake wa mwisho, ulio chini kabisa. Nilidhani angefungasha ashuke nyumbani. Badala yake alibeba jembe begani, akapanda. Alipita kando ya ngoro zake zote, hadi mstari wa juu kabisa, na hapo hakusimama. Aliingia kwenye shamba la jirani. Jirani alikuwa amelima siku iliyotangulia, na kwenye kona moja tuta lilikuwa limeachwa na pengo la upana wa kiganja. Mama alizamisha jembe shimoni mara mbili, akaliziba, akaligandamiza kwa unyayo.

Nilimuuliza kama atamwambia jirani yake.

"Nimwambie nini?" alisema. "Maji yakitoka kwake yanakuja kwangu. Yakitoka kwangu yanakwenda kwa yule wa chini." Akakung'uta jembe kwenye jiwe, udongo ukaanguka, na huo nao akausukuma kwa mguu hadi juu ya tuta.